Kurudishwa ni jambo moja, kudharauliwa ni jambo lingine
Historia fupi ya haki za mtu kule Ulaya, na sababu inatuhusu sisi tuliorudi



Katika mikutano yetu hapa Lubumbashi kuna ulizo moja linalorudi kila mara. Mwezi uliopita mama mmoja alisimama akaliuliza mbele ya watu wote: «Kule Bulaya banasemaka haki ya muntu, haki ya muntu. Sasa miye, juu ya nini balinifunga mikono mu ndeke?» Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Papa mmoja mzee akajibu kwa sauti ya chini: «Ile haki ni ya babo. Haikuandikwaka juu yetu.»

Sisi tunaopokea watu na kufuata dosie zao hatukuwa na jibu zuri siku ile. Tulikwenda kusoma tena. Tumeona kwamba Mama ana haki ya kuuliza, na Papa naye hakudanganya, lakini historia yenyewe ni ndefu kuliko maneno yao mawili. Tunaileta hapa kwa kifupi. Mwishoni tutasema pia kosa moja letu sisi wenyewe, maana njo lile lililotusukuma kuandika.

Walioandika walikuwa wametoka katika moto

Vita ya pili ya dunia ilipoisha mwaka 1945, watu wa Ulaya walijikuta na aibu kubwa mbele yao. Mamilioni ya watu walikuwa wameuawa, Wayahudi sana sana, na waliowaua hawakuwa majambazi wa porini. Ilikuwa serikali yenye sheria, muhuri na ofisi. Mwaka 1935 Ujerumani ya Hitler ilitunga sheria zilizowanyang'anya Wayahudi uraia wao. Tangu hapo kila hatua ilipita kwenye karatasi: orodha ya majina, amri ya kuhama, hesabu ya watu wa kupakia kwenye treni. Mtu akitaka kulalamika, hakuwa na mlango mwingine isipokuwa wa serikali ileile iliyokuwa inamtesa.

Hapo lilizaliwa wazo moja rahisi: serikali isiachwe iwe mwamuzi wa mwisho wa matendo yake yenyewe. Awepo mtu wa nje wa kuiuliza. Tarehe 5 Mei 1949 nchi 10 za Ulaya zilikutana London zikaunda Baraza la Ulaya, makao yake Strasbourg, Ufaransa. Msisahau kwamba baraza hili ni tofauti na Umoja wa Ulaya wenye makao Brussels. Wengi wetu tunavichanganya.

Kazi ya kuandaa mkataba wa haki iliongozwa na watu waliojua wanachosema. Mmoja alikuwa Pierre-Henri Teitgen, Mfaransa, mwalimu wa sheria aliyekamatwa na Gestapo mwaka 1944 akatoroka wakati wa kupelekwa Ujerumani. Mwingine alikuwa David Maxwell Fyfe, Mwingereza, aliyekuwa mmoja wa waendesha mashtaka dhidi ya wakubwa wa Hitler kule Nuremberg. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu ulitiwa sahihi Roma tarehe 4 Novemba 1950, ukaanza kutumika tarehe 3 Septemba 1953.

Mambo mawili ndani yake tunaomba muyashike vizuri. La kwanza, kifungu cha 1 hakisemi «kila raia». Kinasema kila mtu aliye chini ya mamlaka ya nchi husika. Mwenye viza, asiye na viza, aliyekataliwa hifadhi, wote wamo. La pili, kifungu cha 3, ambacho ni kifupi sana: kinakataza mtu kuteswa, kutendewa kinyama au kudhalilishwa. Hakina «isipokuwa». Hata wakati wa vita serikali haiwezi kukisimamisha.

Mlango uliofungwa mbele ya Kongo

Sasa tufike kwa maneno ya Papa, kwamba haki ile haikuandikwa juu yetu.

Ndani ya mkataba huohuo kulikuwa na kifungu cha 63, ambacho leo ni cha 56. Kilisema kwamba mkataba hauingii katika makoloni wenyewe. Nchi ikitaka uingie, lazima itoe tangazo la wazi. Mwezi wa Agosti 1950 jambo hili liliwaka moto katika mkutano wa wabunge kule Strasbourg. Aliyesimama kulipinga alikuwa Mwafrika: Léopold Sédar Senghor wa Senegal, ambaye wakati ule alikuwa mbunge katika bunge la Ufaransa. Aliwaambia wenzake kwamba kifungu hicho kitaugeuza mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu uwe mkataba wa haki za binadamu wa Ulaya tu. Wabunge wengi walimfuata, wakaomba kifungu kiondolewe. Serikali zao zilikirudisha.

Ubelgiji uliridhia mkataba mwaka 1955. Tangazo la kuuingiza Kongo haukulitoa hata siku moja. Maana yake ni hii: kuanzia mwaka huo mtu wa Brussels aliyeonewa na serikali yake angeweza kupeleka malalamiko Strasbourg. Mtu wa Élisabethville, mji wetu huu, aliyeonewa na serikali ileile, hakuweza. Wakati huo fimbo ilikuwa ingali inatumika kwenye magereza ya koloni. Mwafrika aliyetaka kuhesabiwa kama mtu «aliyestaarabika» alipaswa kuomba kadi, ile ya mwaka 1948, au kuandikishwa kwa utaratibu wa mwaka 1952, na kabla ya hapo wakague hata nyumba yake na namna ya kula kwake. Haki hazikuwa za kila mtu. Zilikuwa mtihani wa kufaulu.

Uingereza ulifanya kwa namna nyingine. Mwaka 1953 ulitangaza kwamba mkataba unaingia katika makoloni yake mengi, pamoja na Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Lakini ruhusa ya mtu binafsi kulalamika Uingereza haukuitoa hadi mwaka 1966, wakati nchi hizo zilikuwa zimekwisha kupata uhuru. Kenya ilikuwa na makambi ya kufungia watu wakati wa Mau Mau, na waliokuwa ndani hawakuwa na mlango wa kupiga hodi. Karatasi ilikuwepo, njia haikuwepo.

Kwa hiyo Papa hakudanganya. Haki zile zilianza na ukuta. Lakini ukuta huo ulianza kupasuka, na nyufa zake zilianzia kwa watu wadogo.

Fimbo tatu za kisiwa kidogo

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliundwa mwaka 1959. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kidogo, na malalamiko yalipita kwanza kwenye tume iliyochuja. Ufaransa wenyewe, nchi inayoikaribisha mahakama hiyo, uliridhia mkataba mwaka 1974 tu, na raia wake waliruhusiwa kulalamika mmoja mmoja mwaka 1981.

Mwaka 1972, kwenye kisiwa cha Man kilicho kati ya Uingereza na Ireland, mvulana wa miaka 15 alihukumiwa kuchapwa fimbo tatu kwa kosa la kumpiga mwenzake wa shule. Alivuliwa suruali, askari wawili wakamshika, wa tatu akachapa. Jambo dogo? Kesi yake ilifika Strasbourg. Wakubwa walijitetea kwamba watu wa kisiwa wenyewe wanaipenda fimbo, kwamba inazuia uhalifu, na kwamba ni desturi ya mahali. Tarehe 25 Aprili 1978 mahakama ilijibu kwamba adhabu hiyo inadhalilisha, na kwamba kupendwa na watu hakuibadilishi. Ikasema tena kwamba mkataba ni kitu hai: unasomwa kwa macho ya leo, hausomwi kwa macho ya mwaka 1950.

Kisiwa kile kilikuwa kimeingizwa katika mkataba kwa njia ya kifungu kilekile cha 63, kifungu cha makoloni. Hoja ya «watu wa mahali pale wamezoea» ndiyo hoja iliyotumika miaka mingi kuhalalisha fimbo hapa kwetu. Iliangushwa na kijana wa miaka 15 na karatasi yake ya malalamiko.

Nani anawajibika kwa yule anayerudishwa?

Hadi hapo kesi zilihusu mambo yanayofanyika ndani ya Ulaya. Je, kama nchi haikutesi yenyewe lakini inakutuma mahali utakapoteswa? Jibu lilikuja tarehe 7 Julai 1989 katika kesi inayoitwa Soering. Kijana Mjerumani alikuwa amefungwa Uingereza, na Marekani ilimtaka kwa kesi ya mauaji katika jimbo la Virginia, ambako angeweza kuhukumiwa kufa na kungoja miaka mingi katika safu ya wanaosubiri kuuawa. Mahakama ilisema: Uingereza ukimtoa, huku ukijua kinachomngoja, Uingereza wenyewe utakuwa umevunja kifungu cha 3. Alipelekwa baadaye, baada ya Marekani kuahidi kwamba hatahukumiwa kufa.

Ndugu zetu, hapa njo chimbuko la ulinzi wote wa mtu anayerudishwa. Anayekusukuma anabeba jukumu la mahali unapoangukia. Mwaka 1996 mahakama iliongeza kwamba ni hivyo hata kama serikali inasema mtu huyo ni hatari kwa usalama wa nchi.

Lakini kanuni kwenye karatasi na mambo ya kiwanja cha ndege ni vitu viwili. Mwezi wa Septemba 1998, Brussels, msichana wa Nigeria mwenye miaka 20 alikufa baada ya askari kumkandamiza uso kwenye mto ndani ya ndege ili asipige kelele wakati wa kurudishwa. Waziri wa mambo ya ndani wa Ubelgiji alijiuzulu. Mwaka 2003 askari wanne walihukumiwa na mahakama ya Ubelgiji. Mama wa mkutano wetu, ulizo lako lina majibu ya damu ndani yake.

Mwaka mmoja baada ya kifo hicho, katika mji wa Ghent, familia za Waroma kutoka Slovakia zilizokuwa zimeomba hifadhi zilipata barua: njoni polisi tarehe 1 Oktoba 1999, mkamilishe dosie zenu. Walikwenda kwa moyo mweupe. Walipofika walikamatwa, wakafungwa, na tarehe 5 Oktoba wakaandikiwa namba ya kiti mkononi kwa kalamu, wakapandishwa ndege. Walikuwa kama 70. Tarehe 5 Februari 2002 mahakama ilisema Ubelgiji umekosa: serikali haiwezi kumwita mtu kwa uongo ili imkamate, na haiwezi kufukuza watu kwa mkupuo bila kumwangalia kila mmoja na hali yake.

Mtoto wa miaka 5

Kesi inayofuata ni ya kwetu kabisa. Jina la mtoto hatulitaji. Yeye sasa ni mtu mzima na ana maisha yake.

Tarehe 18 Agosti 2002 mtoto msichana Mkongomani, miaka 5, alifika kiwanja cha ndege cha Brussels pamoja na mjomba wake. Mama yake alikuwa Kanada, amekwisha kukubaliwa kama mkimbizi. Mjomba alikuwa anampeleka mtoto aelekee kwa mama. Mtoto hakuwa na karatasi zinazotakiwa. Mtoto alitenganishwa na mjomba, akafungiwa katika kituo cha watu wazima karibu na kiwanja cha ndege, karibu miezi miwili. Hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kumlea kama mtoto.

Tarehe 16 Oktoba mahakama ya Brussels iliamuru aachiliwe. Kesho yake, tarehe 17 Oktoba, alipandishwa ndege kwenda Kinshasa. Peke yake. Polisi walimfikisha kiwanjani, na ndani ya ndege mhudumu mmoja aliombwa amwangalie. Pale N'djili hapakuwa na ndugu hata mmoja wa kumpokea. Mama yake kule Kanada alipopiga simu kituoni kuongea na mwanawe, aliambiwa mtoto amekwisha kurudishwa. Mwisho wa mwezi huo, baada ya mawaziri wakuu wa Ubelgiji na Kanada kuingilia, mtoto alifika kwa mama yake.

Tarehe 12 Oktoba 2006 mahakama ya Strasbourg ilitoa hukumu. Ilisema kumfunga mtoto wa miaka 5 mahali pa watu wazima ni kumtendea kinyama. Kumrudisha vile, bila kuhakikisha nani atampokea, ni kumtendea kinyama tena. Ikaongeza kwamba hata mama alitendewa kinyama, kwa uchungu aliowekewa. Ubelgiji ulikuwa unajua ana mama Kanada, na badala ya kusaidia wakutane uliwaweka mbali zaidi.

Tulisoma hukumu hii mara kadhaa. Mwaka 1955 mtoto Mkongomani hakuhesabiwa ndani ya mkataba. Mwaka 2006, nusu karne baadaye, majaji walisema mbele ya dunia kwamba nchi iliyotutawala ilimkosea mtoto Mkongomani, na kwamba yeye ni «kila mtu» wa kifungu cha 1. Hii haifuti yaliyopita. Lakini ni jibu kwa Papa: walioandika hawakutuwaza, lakini neno waliloliandika lilikuwa pana kuliko moyo wao, na mama mmoja aliyekataa kunyamaza akalitumia.

Tusidanganyane

Wafadhili wetu watatusamehe, lakini hapa tunasema na wanachama kwanza. Mkataba ule haukatazi kurudishwa. Nchi ina haki ya kumrudisha mtu asiye na ruhusa ya kukaa. Kinachokatazwa ni kumrudisha kwenye mateso, kumdhalilisha njiani, kumfunga bila sheria, kuwafukuza watu kwa mkupuo, kumnyima nafasi ya kusikilizwa. Njo maana ya kichwa cha habari hii. Kuna wanachama wetu waliorudishwa bila haki yao kuvunjwa, na wanajua hivyo. Kuna wengine haki yao ilivunjwa nao hawajui.

Tena, hukumu inachelewa. Mtoto yule alingoja miaka minne. Serikali nazo hazipendi kukosolewa. Ugiriki chini ya wanajeshi ulijitoa katika Baraza la Ulaya mwaka 1969 badala ya kujibu juu ya mateso, ukarudi mwaka 1974. Urusi ulifukuzwa mwezi wa Machi 2022 baada ya kuvamia Ukraine, na leo nchi zilizobaki ni 46. Ubelgiji, baada ya kukosolewa zaidi ya mara moja kuhusu kufunga watoto, ulianza tena kufunga familia mwaka 2018, hadi mahakama yake kuu ya mambo ya utawala ikasimamisha jambo hilo mwaka 2019. Haki ni kama shamba la mihogo karibu na mbuzi. Ukilala, unakuta majani yameisha.

Na ni lazima tuseme juu yetu pia. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981 na ambao nchi yetu iliridhia mwaka 1987, unakataza kufukuza wageni kwa mkupuo. Wazee wetu wa Katanga wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati ndugu wenye asili ya Kasai, ambao hawakuwa hata wageni, walifukuzwa majumbani na kulala kwenye gare ya Likasi wakingoja treni. Haki ya mtu si mambo ya Bulaya tu.

Simu iliyopatikana na simu iliyonyamaza

Kesi mbili za mwisho, kisha tuje kwa kosa letu.

Tarehe 6 Mei 2009 meli za Italia zilikamata baharini watu kama 200 waliokuwa wametoka Libya, zikawarudisha Tripoli bila kuwauliza majina wala shida zao. Watu 24 kati yao, Wasomali na Waeritrea, walipata avoka, na avoka hao walijitahidi kushika mawasiliano na baadhi yao kwa simu ingawa walikuwa wametawanyika. Tarehe 23 Februari 2012, katika kesi ya Hirsi Jamaa, walishinda. Mahakama iliamuru kila mmoja alipwe euro 15,000.

Kesi ya pili ni ya familia ya Waroma kutoka Serbia, ambao Ubelgiji uliwaacha bila makao mwaka 2011 pamoja na watoto wadogo na binti mwenye ulemavu. Walilala katika stesheni ya treni Brussels, kisha wakarudi Serbia, ambako binti yule alifariki. Mwaka 2015 majaji walisema Ubelgiji ulikosa. Kesi ikapelekwa mbele ya jopo kubwa. Lakini avoka alikuwa amepoteza mawasiliano na familia. Tarehe 17 Novemba 2016 kesi ilifutwa kwenye orodha, na hukumu ya kwanza haikubaki na nguvu. Majaji hawakusema familia haikuonewa. Walisema hatujui tena kama watu hawa bado wanataka kesi yao iendelee.

Kosa letu

Mwaka uliopita ndugu mmoja alirudishwa kutoka nchi moja ya Ulaya. Alikuja kwetu mwezi wa pili baada ya kufika. Tulimpokea vizuri: tulimtafutia chumba, tukamwandikisha kwenye mafunzo ya ushonaji, tukampa unga na mafuta. Alikuwa na alama za pingu zilizokuwa bado hazijapona. Hatukumuuliza kitu juu ya karatasi, maana alionekana hataki kuongea, na sisi tulifikiri tunamheshimu.

Mwezi wa tano alituletea mwenyewe mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na uamuzi wa mwisho wa mahakama ya kule, cheti cha daktari kilichoandikwa kabla ya safari, na namba ya simu ya avoka wake. Tulianza kusoma. Tangu Februari 2022 muda wa kupeleka malalamiko Strasbourg ni miezi minne kuanzia uamuzi wa mwisho wa nchi husika. Zamani ilikuwa sita. Tulihesabu kwa vidole, tukahesabu tena. Ulikuwa umepita wiki tatu.

Hatujui kama angeshinda, maana wengi wanaoandika hawashindi. Lakini mlango wake ulifungwa wakati mfuko uko chini ya kitanda, mita 500 kutoka bilo yetu. Alipoelewa, alituuliza neno moja tu: «Kama mungeniuliza mbele?» Hatukuwa na la kumjibu. Ndugu huyo bado ni mwanachama, na ametuomba tuandike jambo hili ili lisimpate mwingine.

Tunachoomba sasa

Kwanza, mtu akifika, tumuulize karatasi wiki ya kwanza, pamoja na unga. Tutazipiga picha na kuzihifadhi. Mtu asichome wala kutupa karatasi kwa hasira, hata ile ya kumfukuza. Alama za mwili zionwe na daktari haraka, na daktari aandike.

Pili, kila mwanachama aliye na dosie Ulaya atuachie namba mbili za simu, yake na ya ndugu. Ukibadilisha namba, tuambie. Mmeona familia ya Serbia.

Tatu, mjue kwamba kuandika Strasbourg hakulipiwi. Unatumia fomu ya mahakama yenyewe, unaweza kuandika kwa Kifaransa, na mwanzoni huhitaji avoka. Lakini lazima uwe umemaliza kwanza njia za mahakama za nchi ile, na usipitishe ile miezi minne. Kwa ndugu ambao bado wamefungwa kule wakingoja ndege, na wanaogopa kuuawa au kuteswa wakifika, avoka wao anaweza kuomba mahakama kwa haraka iiambie serikali isimame kwanza. Si wengi wanaokubaliwa, lakini anayenyamaza hakubaliwi kabisa.

Nne, kwa wafadhili: tumezoea kuwaomba vyerehani na mitaji, na tunashukuru. Mwaka huu tunaomba pia kabati moja la chuma lenye kufuli, mashine ya kupigia kopi, na mshahara wa nusu siku kwa mtu mmoja wa kufuata dosie. Ni vitu visivyopendeza kwenye picha. Lakini mama aliyekuwa Kanada hakushinda kwa cherehani. Alishinda kwa sababu tarehe zote zilikuwa zimeandikwa, na karatasi zilikuwepo.

Kwa Mama wa mkutano wetu: walikufunga mikono, na tunataka kujua walifanya hivyo kwa namna gani, muda gani, na nani aliona. Njoo bilo Jumatatu asubuhi, na mfuko wako wa karatasi. Tutakuwa pale.